Ndizi Hazipandi Mlima

Watoto wa Mabogini huniita Bwana Harufu.
Siwakatalii. Mwaka wa kumi na moja huu nalinda mabwawa
ambamo Moshi nzima hushuka kimyakimya,
hospitali, shule za bweni, harusi za Jumamosi;
kilicholiwa kwa vigelegele
hunifikia mimi kikiwa kimevua sherehe.

Naujua mji kwa rangi ya maji.
Sikukuu ikipita, bwawa la kwanza hung'aa mafuta.
Shule zikifungwa, povu hukonda.
Bwawa la tatu ni kijani siku zote, kijani kilichonona,
nami nilidhani ndiyo afya yake
hadi Nsiande aliponiambia:
hii ni shibe ya mtu mwingine.

Alikuja na pipa lililotobolewa matundu
na magunia ya maganda ya kahawa.
Akayachoma huku akiyanyima hewa,
moto wa kubanwa pumzi,
moto usioruhusiwa kucheka.
Tukaujaza mkaa ule katika vifuko vya chandarua,
tukavitumbukiza mferejini.
Siku tisa. Nikaandika kwenye daftari langu la bluu
fosfeti iliyoingia, fosfeti iliyotoka.
Namba pacha.
Mkaa ulikuwa umeoga tu.

"Hawa," akasema, amekalia ndoo,
"ni mawifi walionuniana.
Mmoja akikaribia, mwenzake anahama benchi.
Wanahitaji mshenga."

Mshenga alikuwa chumvi ya magnesiamu.
Akayaloweka maganda usiku kucha kabla ya moto,
yakaingia pipani yakiwa na neno jipya tumboni.

Safari hii namba ziliachana.
Iliingia kumi na nne, ikatoka mbili.
Nikapima tena, nikiyashuku macho yangu.
Nikamwamsha Temba wa zamu ya usiku;
akapima, akatukana kwa furaha.
Kumi na mbili zilikuwa zimekwama mle gizani,
katika vijitundu ambavyo jicho halina ruhusa ya kuingia.

Ndipo Nsiande akanieleza habari za kwao Uru,
kihamba kilichochoka, migomba miembamba kama mikongojo.
Kila mkungu hushuka sokoni.
Mlima unakopesha, mji unakula,
bwawa linameza, mto unaondoka nayo.
"Nani," akauliza, "alishaona ndizi zikipanda mlima?"

Gunia la kwanza nililibeba mwenyewe.
Mama yake, Bi Aikande, alisimama mlangoni
mikono kiunoni.
"Uchafu wa watu nisiowajua? Hapa?
Baba mkwe wangu amelala chini ya migomba hii."
Nsiande hakubishana. Kuna mambo ambayo namba
hubaki nje ya uzio, zikisubiri kukaribishwa.
Mama akachota mkaa kiganjani, akanigeukia mimi.
"Wewe ndiye unayejua. Unanuka?"

Miaka kumi na moja hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo
kwa heshima.
Nikainama. Nikavuta hewa polepole,
nikautafuta mji mle ndani, hospitali, harusi, povu.
"Unanuka jiko," nikasema,
"jiko lililozimwa jana."

Akafikiri. Kuku akapita kati yetu.
"Mgomba mmoja," akasema. "Ule wa pembeni.
Mbali na kaburi."

Mvua za vuli zikapita, masika yakapita.
Sikuulizia; mtu wa majitaka hujifunza kutouliza
kitu kikishavuka ukuta wake.

Juzi Nsiande alishuka na chane tatu,
akaziweka juu ya daftari langu bila neno.
Tukazichemsha na Temba kwenye jiko la kibandani,
tukazila kwa chumvi, tukalamba vidole.

Kesho yake alfajiri
nilikwenda ukingoni mwa bwawa la kwanza
kuzisubiri.